Kutafuta nguvu za mazoezi Rusizi baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Barabara inayotoka Kamembe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, inateremka hadi Cyangugu, ukingoni mwa Ziwa Kivu, karibu na daraja la mpakani, na ng'ambo yake ni Bukavu. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa Kamembe uko zaidi ya mita 100 juu ya ziwa. Anayeshuka kwa miguu anajua kazi inamsubiri wakati wa kurudi, na ndiyo maana waendesha pikipiki hawakosi abiria kwenye mpando ule. Mtu aliyetoka hospitali wiki tatu zilizopita, ambaye tumbo lake limepunguzwa na mlo wake ni vijiko vichache, anaposoma kwenye karatasi ya hospitali kwamba atembee kila siku, huutazama mpando huo na kukata tamaa kabla hajavaa viatu.

Wengi katika hali hiyo hujiona wamekuwa wavivu. Ndugu zao nao huwaambia hivyo hivyo, tena kwa nia njema: "Umefanyiwa operesheni ya pesa zote hizo, mbona unakaa tu?" Ukweli ni kwamba katika miezi ya mwanzo, kukosa hamu ya mazoezi mara nyingi ni dalili ya upungufu fulani mwilini, na upungufu huo unaweza kupimwa na kurekebishwa. Kwa hiyo utaratibu wa mwongozo huu ni kutafuta kwanza kilichopungua, kisha kupanga mazoezi kulingana na nguvu zilizopo.

Upasuaji wa namna hii bado si jambo la kawaida Afrika Mashariki, lakini pia si habari ya kusikia kutoka Ulaya tu. Nairobi ina madaktari wanaoufanya. Dar es Salaam, Hospitali ya Muhimbili tawi la Mloganzila ilianza mwaka 2022 kuwawekea wagonjwa puto tumboni, tiba isiyohitaji kisu lakini inayomwachia mgonjwa baadhi ya masharti yale yale ya chakula. Kigali, kituo cha IRCAD Africa kilichozinduliwa mwaka 2023 kinawafundisha madaktari wa bara hili upasuaji wa matundu madogo, ambao ndiyo njia inayotumika sana katika kupunguza tumbo. Wengine wenye uwezo husafiri hadi India. Wote hao wakirudi Rusizi wanakuwa mbali na aliyewapasua. Kigali tu ni safari ya basi ya saa sita hivi, ukipita katikati ya msitu wa Nyungwe. Maswali mengi ya kila siku inabidi yajibiwe nyumbani, kwa msaada wa kituo cha afya kilicho karibu.

Uchovu unatoka wapi

Kuna aina mbili kubwa za upasuaji huu. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya tumbo la chakula hukatwa na kuondolewa, ukabaki mfuko mwembamba mrefu. Katika ya pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba. Katika zote mbili mgonjwa hula kidogo sana. Wiki za mwanzo, chakula cha siku nzima huweza kuwa chini ya kalori 1,000, wakati mwili unaponya vidonda vya ndani. Kuchoka katika kipindi hicho ni jambo la kutarajiwa, na kwa wengi hupungua kadiri chakula kinavyotoka kwenye maji kwenda kwenye uji, kisha vyakula laini, hadi vyakula vya kawaida baada ya wiki sita hadi nane.

Uchovu unaozidi muda huo ndio wa kuchunguzwa, na mahali pa kwanza pa kutazama ni maji. Mtu ambaye tumbo lake limepunguzwa hawezi kunywa bilauri nzima kwa pumzi moja, na mara nyingi kiu yenyewe haimjii. Anatakiwa afikishe lita moja na nusu hivi kwa siku, kwa mafunda madogo, tena si wakati wa kula: anywe, aache nusu saa, ale, kisha asubiri nusu saa nyingine. Hesabu hiyo haikamiliki bila chupa mkononi tangu asubuhi. Mkojo mzito wenye rangi ya chai ni ishara ya kutosha kwamba kizunguzungu cha mchana hakikutokana na uvivu.

Cha pili ni protini. Kiwango kinachoshauriwa na wataalamu ni gramu 60 kwa siku au zaidi, na hapa Rusizi ina neema ambayo miji mingi haina. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanapatikana sokoni na wana takriban gramu 17 za protini katika kila gramu 100 wakiwa wabichi. Mayai mawili yana gramu 12. Glasi ya maziwa au ya ikivuguto (maziwa ya mgando) ina gramu 8, na maharage yaliyopikwa na kupondwa yana kiasi kama hicho katika gramu 100. Ukijumlisha vyote hivyo kwa siku moja, maziwa yakiwa glasi mbili, unapata gramu 53 hivi. Bado havitoshi, na ndiyo sababu uji wa sosoma, ule wa mchanganyiko wa mtama, soya na mahindi, unafaa kuwa sehemu ya siku. Kanuni ya mezani ni kuanza na protini kabla ya ugali, viazi au ndizi, maana tumbo likishajaa hakuna nafasi ya pili. Sambaza wapikwe kwenye mchuzi wa nyanya. Wa kukaanga kwa mafuta mengi wasubiri, kwa sababu mafuta humletea mgonjwa kichefuchefu.

Cha tatu ni damu. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, sehemu ile ile inayorukwa katika upasuaji wa aina ya pili, na hata katika ile ya kwanza asidi ya tumbo hupungua, chuma kikaingia mwilini kwa shida. Mwanamke anayepata hedhi yuko hatarini zaidi. Upungufu wa damu humfanya mtu ahisi miguu mizito, moyo uende mbio kwa hatua chache na pumzi ikatike kwenye ngazi tatu. Hakuna wosia wa kutia moyo unaoweza kuyatibu hayo. Vitamini B12 ina tabia ya kuchelewa: mwili huwa na akiba ya miezi mingi, hata miaka, kwa hiyo upungufu unaweza kujitokeza wakati mgonjwa ameshaacha vidonge akidhani amepona. Vidonge vya vitamini na madini baada ya upasuaji huu ni vya maisha yote. Vya chuma visimezwe pamoja na vya kalsiamu. Viachane angalau saa mbili. Na katika wilaya yenye mashamba ya chai kama Shagasha, ni lazima kusema wazi kwamba chai huzuia chuma kufyonzwa. Kidonge cha chuma kimezwe mbali na kikombe cha chai au kahawa.

Yapo na mengine. Anayetapika mara kwa mara kwa siku kadhaa anaweza kuishiwa vitamini B1 haraka, na dalili zake ni kuyumba anapotembea, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa au ganzi miguuni. Huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, wala asiambiwe afanye mazoezi. Anayekoroma sana na kuamka amechoka huenda bado pumzi zinakatika usingizini. Aliyekuwa akitumia dawa za kisukari au za presha kabla ya upasuaji anaweza kukuta dozi ya zamani sasa imekuwa kubwa kupita kiasi, sukari au presha ikashuka akiwa katikati ya mpando. Dozi hizo hupunguzwa na daktari, mgonjwa asizibadilishe mwenyewe.

Na iko huzuni. Kwa watu wengi chakula kilikuwa faraja, na faraja hiyo imeondolewa kwa siku moja. Mtu asiyetaka kutoka nje, asiyelala, anayelia bila sababu, anahitaji kusikilizwa na mhudumu wa afya ya akili, na hospitali za wilaya nchini Rwanda zinatoa huduma hiyo.

Wiki sita za kwanza

Kutembea huanza wodini, siku ya upasuaji au kesho yake, na lengo wakati huo ni kuzuia damu isigande kwenye mishipa ya miguu. Hatari hiyo haiishi mgonjwa anaporuhusiwa kutoka. Safari ya basi kutoka Kigali ni saa nyingi za kukaa, kwa hiyo basi linaposimama ashuke na atembee kidogo, na akiwa kitini achezeshe vifundo vya miguu mara kwa mara. Ni vema aulize hospitali kabla ya kuondoka kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda kwa ajili ya safari.

Nyumbani, dakika tano za kutembea mara nne au tano kwa siku zinatosha mwanzoni. Kuzunguka ua, kwenda hadi kwa jirani na kurudi, kutembea barazani mvua inaponyesha, yote ni mazoezi halali. Kila baada ya siku chache ongeza dakika mbili tatu, hadi jumla ya siku ifike nusu saa.

Hatari kubwa zaidi katika wiki hizi haiko kwenye kutembea, iko kwenye kubeba. Madaktari wengi hukataza mzigo unaozidi kilo 5 hivi kwa wiki nne hadi sita, kwa sababu misuli ya tumbo iliyotobolewa inaweza kufumuka na kuleta henia. Tafsiri yake kwa maisha ya Rusizi ni hii: dumu la lita 20 lina kilo 20, halibebwi. La lita 5 ndiyo mwisho. Mtoto habebwi mgongoni. Jembe, shoka na gunia la mkaa vinasubiri. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda (kazi ya pamoja ya jamii), mgonjwa aende kwa kiongozi wa mtaa mapema akaeleze kwamba amepasuliwa, aonyeshe karatasi yake. Familia isikie maelezo haya kutoka kwa daktari mwenyewe ikiwezekana, maana mama wa nyumba aliyekatazwa kubeba maji huyabeba tu pale asipoona mwingine wa kuyabeba.

Kutembea kwenye nchi ya vilima

Aliyeko Bugarama ana ardhi tambarare ya mashamba ya mpunga, sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, lakini joto lake linakausha mwili haraka. Wakati wake ni alfajiri au jioni, chupa ikiwa mkononi. Aliyeko Kamembe ana hewa nzuri na ana vilima.

Kwenye vilima kuna kosa linalofanywa na karibu kila anayeanza: anashuka kwanza. Mteremko unampa moyo, anafika mbali, kisha anageuka na kukuta nguvu zimekwisha na nyumba iko juu. Mpango wa busara ni kinyume chake. Anayekaa chini karibu na ziwa aanze kwa kupanda akiwa hajachoka, dakika tano tu, ageuke na kumalizia kwa kushuka. Anayekaa juu Kamembe atafute njia inayofuata mgongo wa kilima, asiteremke kabisa katika mwezi wa kwanza. Baadaye, nguvu zikirudi, anaweza kupanda pikipiki hadi sehemu ya chini na kurudi kwa miguu kipande kidogo cha mpando, kisha kukirefusha wiki hadi wiki. Mteremko mrefu nao hauko salama kama unavyoonekana. Katika kushuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kufunga breki, na kwa mtu aliyepoteza misuli, mapaja huuma kwa siku mbili tatu zinazofuata. Maumivu hayo ndiyo yanayowafanya wengi waache kabisa.

Kipimo cha mwendo ni sauti. Anayetembea aweze kuzungumza sentensi nzima lakini ashindwe kuimba. Akishindwa kuzungumza, apunguze mwendo au asimame; kusimama katikati ya mpando si kushindwa.

Magoti yana habari njema, na inafaa kuwekwa akilini siku ambazo hamu imepotea. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, uliofanywa kwa watu wazima wenye uzito mkubwa na maradhi ya magoti, ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Aliyepungua kilo 15 ameliondolea goti lake kilo 60 kwa hatua. Mpando uliomshinda mwaka jana sasa anaupanda akiwa na mzigo mwingine kabisa.

Malengo yanayotolewa na Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki kwa mtu mzima, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Waliopasuliwa hushauriwa walenge karibu na 300 kadiri miezi inavyokwenda. Namba hiyo isimtishe mtu wa mwezi wa pili. Dakika kumi mara tatu kwa siku, kwa siku tano, tayari ni 150.

Misuli ndiyo inayosahaulika

Uzito unaposhuka kwa kasi, hauondoki kama mafuta peke yake. Sehemu yake, mara nyingi robo hivi, ni nyama ya mwili, ikiwemo misuli. Kutembea peke yake hakutoshi kuilinda nguvu. Mjini Paris, daktari Jean-Michel Oppert na wenzake waliwafuatilia wanawake 76 waliofanyiwa upasuaji wa kuruka tumbo, ile aina ya pili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Waliopewa protini ya ziada pamoja na mazoezi ya nguvu kwa wiki 18 waliongeza nguvu za misuli kuliko waliopewa protini tu au huduma ya kawaida. Kiasi cha misuli kilichopotea hakikutofautiana sana baina ya makundi. Matokeo hayo yanastahili kusomwa kwa makini: mazoezi ya nguvu huenda yasizuie mwili kupungua nyama, lakini yanamwezesha mtu kuinuka, kupanda na kubeba kwa nyama aliyobaki nayo.

Hakuna haja ya ukumbi wa mazoezi. Baada ya wiki sita, na kwa ruhusa ya daktari, kiti cha mbao kinatosha. Kaa, inuka bila kushika kitu, kaa tena polepole; mara nane, pumzika, rudia. Simama mbele ya ukuta na uusukume kwa mikono, kisha uhamie kwenye meza ukizoea. Panda kizingiti cha nyumba na kushuka, mguu mmoja baada ya mwingine. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu ni uzito wa kuanzia kwa mikono, na dumu la lita 5 ni hatua inayofuata. Siku mbili au tatu kwa wiki, zisifuatane. Pumzi isizuiwe wakati wa kuinua.

Misuli ikiuma kesho yake, kuna onyo moja ambalo si kila muuza duka la dawa atakumbuka kulitoa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya maumivu zinaweza kusababisha vidonda hatari kwenye tumbo lililopasuliwa, hasa kwa waliofanyiwa upasuaji wa kuruka tumbo. Hao hutumia parasetamoli, na kila wanapokwenda kununua dawa waseme mapema kwamba wamepunguzwa tumbo. Aliyeandikiwa aspirini ya moyo asiache bila kumuuliza daktari wake.

Hamu isipokuja yenyewe

Mwili ukishapata maji, protini na damu ya kutosha, bado kuna asubuhi ambazo mtu hataki. Hapo sasa ndipo mbinu zinaposaidia.

Anza kwa kuamua saa na mahali badala ya kuamua "nitafanya mazoezi". Anayeswali alfajiri msikitini au anayekwenda misa ya asubuhi tayari ana saa yake. Aongeze dakika kumi za njia ya mzunguko anaporudi. Muuza duka anaweza kutembea kabla ya kufungua. Watu wa Rusizi hutembea sana kwa kazi, kwenda sokoni, kuvuka mpaka, kupeleka mzigo, na hiyo ni nafasi nzuri kwa anayeona haya kuonekana akifanya mazoezi: hakuna anayemshangaa mtu anayekwenda sokoni kwa miguu. Ashuke pikipiki kabla ya kufika, amalizie mwenyewe.

Pili, andika. Mwaka 2010 Dale Bond na wenzake katika jimbo la Rhode Island, Marekani, walichapisha utafiti uliopaswa kusomwa na kila aliyepasuliwa. Kundi dogo la wagonjwa waliulizwa kuhusu mazoezi yao kabla ya upasuaji na miezi sita baadaye, na pia walivalishwa kifaa cha kupima mwendo. Kwa maneno yao, dakika za mazoezi ziliongezeka karibu mara tano. Kifaa hakikuonyesha ongezeko la maana. Hawakuwa waongo, mwili uliopungua hujisikia mwepesi, na mtu huamini kwamba anatembea zaidi. Simu nyingi za kisasa huhesabu hatua, na asiye nayo aandike dakika kwenye daftari kila jioni.

Mizani isiwe kipimo pekee. Uzito husimama kwa wiki kadhaa hata kwa anayefuata kila sharti, na anayepima mafanikio kwa kilo tu huacha mazoezi katika wiki hizo. Hesabu ni mara ngapi unainuka kitini katika sekunde 30. Kumbuka umefika nyumba ya nani kwenye mpando bila kusimama, na mwezi ujao angalia umefika wapi. Mwenye kupenda lengo la mbali ana mengi jirani: daraja la juu ya miti katika msitu wa Nyungwe, lenye urefu wa mita 160 hivi, au kipande kimoja cha njia ya Congo Nile, inayofuata ziwa kutoka Rubavu hadi Rusizi kwa kilomita 227.

Tatu, mwenzi wa kutembea. Tangu mwaka 2016 Kigali imekuwa na Jumapili zisizo na magari kwa ajili ya siporo, yaani mazoezi, ya watu wote, na siporo za pamoja zimeenea wilayani pia. Aliyepasuliwa anaweza kujiunga baada ya miezi mitatu hivi, akae nyuma ya kundi, na asikubali kuvutwa kwenye mbio. Baada ya siporo huja vinywaji, na hapo pana hatari. Juisi tamu na soda hushuka haraka kwenye utumbo, moyo ukaenda mbio, jasho likatoka, tumbo likaharisha, na saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaweza kushuka kupita kiasi. Urwagwa (pombe ya ndizi) na bia huingia kwenye damu kwa kasi kubwa kuliko zamani, na baadhi ya waliopasuliwa wamejikuta kwenye ulevi ambao hawakuwa nao kabla. Maji yanatosha.

Kuna maneno ya watu, na hayo huumiza kuliko mpando. Katika ukanda huu unene umehesabiwa kwa muda mrefu kuwa dalili ya neema, na mtu akikonda haraka, majirani hufikiria ukimwi au kifua kikuu. "Dada, umeisha hivyo, unaumwa nini?" Wapo walioacha kutoka nje kwa sababu ya swali hilo, na kwa kukaa ndani wakapoteza nguvu ambazo wangezipata njiani. Ni vema kuandaa jibu moja fupi mapema, kama vile "Nilitibiwa, daktari ndiye aliyetaka nipungue, na sasa naendelea vizuri," na kulirudia bila kuongeza kitu. Hakuna anayedaiwa maelezo ya tumbo lake. Ngozi iliyolegea inaweza kufungwa kwa kitambaa cha kitenge au nguo ya kubana wakati wa kutembea, na mikunjo ioshwe na kukaushwa vizuri ili isichubuke.

Wakati wa kusimama na kwenda hospitali

Maumivu ya kifua, pumzi kukatika ghafla, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuzimia, homa pamoja na moyo kwenda mbio ukiwa umepumzika, maumivu ya tumbo yasiyotulia, choo cheusi kama lami: lolote kati ya hayo linamaliza mazoezi ya siku hiyo na kuanza safari ya hospitali. Anayetaka kufunga Ramadhani katika miezi ya mwanzo azungumze kwanza na daktari, kwa kuwa lita moja na nusu ya mafunda madogo ni vigumu kuimaliza usiku peke yake.

Vipimo vya damu hufanywa kwa kawaida mwezi wa tatu, wa sita na wa 12, kisha kila mwaka. Kama umefika mwezi wa tatu na bado unaishiwa nguvu kwenye ngazi chache, usijilazimishe kuongeza mwendo. Nenda wiki hii ukapime wingi wa damu, chukua vidonge na dawa zote unazotumia pamoja na karatasi ya upasuaji, na umwambie anayekupima aina ya upasuaji uliofanyiwa kabla hajakuandikia chochote.